Majani Makavu na Majani Yaliyokauka

Mwaka jana, mwalimu wetu mmoja wa sarufi alipokuwa anagawa mada za semina, alituuliza kila mmoja anafanya nini nje ya darasa ili apate pesa ya fotokopi. Mmoja alisema anauza krediti za simu, mwingine anaendesha toleka jioni, mwingine anasuka nywele. Mimi nikasema: "Ninakausha majani ya mkungu." Mwalimu akauliza kama ni yale ya kufungia kwanga. Aliyekaa nyuma yangu akasikia mkungu wa ndizi, akacheka. Ilinibidi nisimame nieleze, na nilieleza vibaya. Haya ni maelezo niliyopaswa kuyatoa siku ile, pamoja na jambo moja ambalo siku ile nilikuwa bado naona haya kulisema.

Mkungu wangu ni ule mti wa kivuli wenye matawi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi kama ghorofa. Waliosoma huuita badamye, na watoto wa mtaani kwetu huuita madame. Tunda lake kwa Kiswahili ni kungu. Si mti wa msitu wetu: asili yake ni pwani za Asia na visiwa vya Pasifiki, na hapa Kisangani ulipandwa tu, mbele ya nyumba za zamani na kwenye viwanja vya misheni. Jani lake ni refu kuliko kiganja, na kabla ya kuanguka hugeuka njano, kisha jekundu, kisha kahawia. Mama zetu huyafagia asubuhi na kuyachoma. Mimi huja kabla ya ufagio.

Wanaoyanunua ni watu wanaofuga samaki wadogo ndani ya nyumba, kwenye akwariumu. Jani kavu likilala ndani ya maji hutoa rangi ya chai. Rangi hiyo ni tanini na vitu vingine vinavyotoka katika mmea unaooza taratibu. Maji yasiyo na chokaa nyingi huwa na uchachu kidogo yakipata majani hayo, na ukungu unaoshambulia mayai ya samaki hupungua nguvu. Juu ya jani huota utando laini. Vidudu visivyoonekana hula utando huo, na vifaranga vya samaki hula vidudu. Samaki mwoga hujificha chini yake. Kwa ufupi, ni kipande cha kijito cha msituni kilicholetwa sebuleni. Anayetaka kuona jambo hilo kwa ukubwa wake aende Mbandaka, pale mto Ruki unapoingia katika mto Kongo: maji yake ni meusi kabisa kwa sababu ya majani na mimea iliyooza katika misitu ya mabwawa ya huko juu.

Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja jirani yetu wa Makiso, mstaafu, ambaye nilikuwa namfundisha mjukuu wake Kifaransa. Sebuleni kwake kuna akwariumu mbili. Siku ya kwanza nilimletea majani mabichi niliyoyachuma mtini, nikidhani mabichi ndiyo mazuri, kama sombe. Alinitazama kwa huruma. "Jani bichi lina utomvu, lina sukari," aliniambia. "Ukilitia majini linaoza upesi, na kuoza kunakula hewa ya samaki. Mti wenyewe unajua. Kabla ya kuangusha jani unarudisha ndani kile ulicho na haja nacho. Wewe okota lile ambalo mti umekwisha kulimaliza."

Basi nikajifunza kuokota. Huokoti kando ya barabara, kwa sababu ya vumbi na mafuta ya pikipiki. Huokoti chini ya mti ambao mwenye nyumba amepuliza dawa ya wadudu. Unageuza kila jani na kutazama mgongo wake: mayai ya wadudu, kinyesi cha ndege, madoa meusi yenye kunata. Unaosha kwa maji matupu. Sabuni hapana, hata ndoo iliyofulia nguo hapana. Mzee alininunulia beseni la kazi hiyo peke yake, na dada yangu alipolitumia siku moja kuloweka sare ya mtoto nilipiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

Kuosha ni rahisi. Kazi iko katika kukausha, na Kisangani si mji wa kukaushia kitu. Wenzangu waliotoka Lubumbashi wanasimulia miezi mizima bila tone la mvua, wakati ambapo hata shati nzito hukauka kabla ya saa sita. Hapa tuko karibu na Ikweta. Mvua hupungua miezi fulani, lakini haituagi. Chumvi hulowa ndani ya kopo. Viatu vilivyokaa wiki mbili chini ya kitanda huota manyoya ya kijani. Nilikuwa natandaza majani juu ya bashi uani, naangalia mawingu, nakimbia kuyaingiza ndani, nayatoa tena. Yalikuwa yakilaliana, na mahali yalipogusana yalitoa jasho.

Mwezi wa tatu mzee alinipatia mteja wa kweli. Alikuwa rafiki yake wa zamani, mzaliwa wa Kindu anayeishi Kinshasa, mwenye akwariumu nyingi na marafiki wengine wenye akwariumu. Alitaka majani mia nane. Alituma nusu ya pesa mapema, na pesa hiyo, dola arobaini, niliipeleka siku ileile kumalizia ada ya masomo, kwa sababu bila karatasi ya malipo nisingeingia mtihani. Tuliandikiana Kiswahili kwenye simu. Alikuwa anafurahi, alisema huko hana wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Swali lake la mwisho lilikuwa neno moja: "Yamekauka?"

Nikajibu: "Ni makavu kabisa."

Nimelitazama jibu hilo mara nyingi tangu wakati ule. Aliniuliza kwa kitenzi, mimi nikajibu kwa kivumishi. Yeye alitaka kujua kama jambo lililoanza limefika mwisho wake. Ili kujibu "yamekauka" ningelazimika kurudi uani, kuhesabu siku, kukumbuka mvua ya Jumanne. Neno "makavu" halikunidai lolote. Niligusa jani la juu, likatoa sauti ya karatasi, nikaandika. Na ukweli ni kwamba mashua ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi, zile mashua kubwa za mbao tunazoziita balenyeri, na sikujua nyingine ingeondoka lini. Nilijaza kartoni mbili, nikazifunga ndani ya plastiki nene zisinyeshewe, nikazunguka kwa mkanda wa kunata mara nne. Nilijisifu kwa ule mkanda.

Kutoka hapa hadi Kinshasa kwa mto ni kilomita zaidi ya 1,700. Mashua haikuwa na haraka. Ilisimama kupakia mkaa, ikasimama kupakia mahindi, ikakwama juu ya mchanga. Majani yangu yalikaa wiki tano ndani ya plastiki, chini ya jua na juu ya maji, na unyevu wote niliokuwa nimeuacha ndani yake ulikosa pa kutokea. Hata pale Mbandaka walipita.

Picha ilifika usiku. Majani ya juu yalikuwa mazuri. Yaliyofuata yalikuwa na madoa ya maziwa. Chini kabisa palikuwa kitu kimoja, kizito, cheupe na kijivu, kama blanketi. Mteja hakuwa na hasira. Aliandika kwamba alikuwa ametumia yale ya juu peke yake, ameyasuuza, ameyatia katika akwariumu ya samaki zake kumi na nne, wale wa mto wetu wenye mapezi marefu na magamba yanayogeuka rangi kila wanapopinda, ambao Wazungu wanawaita kwa jina la Kongo. Usiku huo umeme ulikatika mtaani kwake, pampu ya hewa ikasimama, na asubuhi alikuta kumi na mmoja wamekufa. "Nadhani ni umeme," aliandika. "Umeme wa huku unaujua."

Hapo ndipo palipo na haya yangu. Mtu mwenyewe alikuwa amenipa mlango wa kutokea. Umeme ulikuwa umekatika kweli, pampu ilikuwa imesimama kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha kusikia kwa mzee maneno yale juu ya kuoza na hewa ya samaki. Maji yenye majani safi yangevumilia usiku mmoja bila pampu, pengine. Maji yenye majani yaliyoanza kuoza, yenye vijidudu vinavyofanya karamu, hayakuwa na akiba yoyote. Kisa ni vyote viwili, na kimoja kilitoka kwangu. Nilikaa na ile simu siku mbili bila kujibu. Pesa sikuwa nayo tena. Na mzee ndiye aliyenidhamini.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mzee kwanza. Nilimweleza yote, hata mvua ya Jumanne. Alikaa kimya, akachukua chakula cha samaki, akawalisha, akafunga kopo. Kisha akasema: "Mwandikie. Usimwandikie kwa Kifaransa." Nikamwandikia mteja kwamba majani hayakuwa yamekauka, kwamba nilijua au ningeweza kujua, kwamba nitamtumia mia nane mengine bila malipo na nusu ya pesa iliyobaki asinitumie. Alijibu baada ya saa chache. "Asante kwa kusema. Safari hii usiharakishe." Juu ya samaki hakusema neno.

Kukausha kwa kweli nilifundishwa na mama mmoja wa soko, rafiki ya shangazi, ambaye huuza samaki wa kukaushwa, viwavi na uyoga. Mzee alijua maji. Mama huyu alijua ukavu. Nilimletea jani nililoliamini zaidi. Hakuligusa bapa. Alishika kikonyo, akafuata mshipa wa kati kwa kidole gumba hadi katikati ya jani, akaukunja. Ulipinda kama waya.

"Haiyakauka," alisema, kwa Kiswahili chetu cha mjini, pale ambapo kitabu kinataka hayajakauka. "Inadanganya kwa tumbo. Sikiliza mgongo."

Sikuwa nimewahi kuifikiria "-ja-" hiyo nje ya daftari. Hakusema hayakukauka, kana kwamba kazi imeharibika, wala hayakauki, kana kwamba haiwezekani. Alisema kazi iko njiani na haijafika, rudi ukaendelee. Bapa la jani hukauka kwa siku mbili tatu, hata hapa kwetu; kikonyo na mshipa wa kati hubaki na maji ndani kwa siku nyingi zaidi, na ukifunga mapema maji hayo hutoka mgongoni na kuingia tena tumboni. Jani lililokauka, ukivunja mshipa wake, hulia. Mama alinivunjia kiwavi kimoja kikavu karibu na sikio ili nijue ni sauti gani.

Alinipa nafasi juu ya uchanja wake, pale moshi unapopita. Nilifurahi, mzee akakataa. Moshi huacha lami na harufu, na akwariumu si sufuria. Tulikubaliana juu ya sehemu ya katikati: nilifunga kamba chumbani, chini kidogo ya mabati, ambako mchana joto ni kali na mvua haifiki. Majani yananing'inia kwa vikonyo, moja moja, hayagusani, na dirisha liko wazi hewa ipite. Mikeka ya chini niliitupa kabisa. Kipindi cha mvua ndefu huweka mbabula yenye makaa yaliyokwisha kushika vizuri, yasiyotoa moshi, mlango na dirisha wazi, nami nikikaa nje. Makaa katika chumba kilichofungwa huua watu, si samaki tu. Siku kumi, mara nyingine kumi na nne. Dada yangu anasema tunalala ndani ya mti.

Kuna jaribio jingine ambalo nilimwonyesha mama, naye akalipenda. Unachukua majani matano, unayatia katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyokauka, unafunga, unaweka juani kwa saa moja au mbili. Kama ndani ya kioo panaonekana pumzi, yaani ukungu, bado. Na hapa naomba radhi kwa walimu wa isimu, kwa sababu siwezi kupita bila kusimama. Ule wa kwenye kioo ni ukungu. Ule mweupe uliokula kartoni zangu ni ukungu. Ule wa asubuhi juu ya mto, unaowaficha wavuvi wa Wagenia kwenye maporomoko, ni ukungu. Na mti ni mkungu. Uhusiano wa mti na hayo mengine sidai. Naogopa etimolojia ya mtaani kama ninavyoogopa plastiki. Lakini ukungu wa kioo na ukungu wa kuoza kuwa neno moja, hapo sioni makosa ya lugha. Ukiuona wa kwanza leo, wa pili atakuja wiki ijayo.

Juu ya kuhifadhi nilikuwa nimesikia mashauri mawili yanayopingana: moja linasema karatasi, lingine linasema chombo kisichopitisha hewa. Yote ni ya kweli, kila moja kwa wakati wake. Rafiki yangu wa biolojia alinipeleka kuona jinsi wanavyotengeneza sampuli za mimea kwa ajili ya hebariumu, kazi ambayo Yangambi, huko chini ya mto, imekuwa na jina kwayo tangu wakati wa ukoloni. Wanalaza mmea katikati ya magazeti, wanabana, na magazeti wanayabadilisha, kwa sababu gazeti lililokwisha kunywa maji halinywi tena. Hilo nililiiba. Wiki ya kwanza baada ya kamba, majani yangu hukaa katika magazeti ndani ya kartoni iliyo wazi, juu ya mbao, mbali na ukuta na saruji. Yakilia baada ya hapo, ndipo naingiza katika madumu ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu hewa ya hapa ikiachwa huru italirudishia jani unyevu wote niliouondoa. Dumu halikaushi. Linatunza ulichokitia, kiwe kikavu, kiwe kibichi. Juu yake naandika tarehe na mti wenyewe: wa misheni, wa shule, wa mzee.

Ila jani la hebariumu lenyewe usilitie majini kamwe, hata ukilipewa bure. Sampuli nyingi za zamani zilipakwa sumu ya zebaki ili wadudu wasizile. Kwa sababu hiyohiyo sitii vidonge vya kuzuia nondo katika madumu, wala sipulizi dawa ya mende chumbani. Mende wananishinda mara mojamoja. Nakubali hasara hiyo.

Watu huniuliza kwa nini nisiuze majani ya msitu wetu, badala ya mti uliotoka Asia, kwa samaki waliotoka hapa. Swali ni zuri, na linaniuma kidogo. Samaki wale wa mteja wa Kinshasa hawakuwahi kuona mkungu katika maisha ya babu zao. Chini ya miti ya mbau, majani huoza polepole na kulala mazito juu ya ardhi, na vijito vya huko vina rangi ileile ya chai. Nimejaribu ya mpera na ya mwembe, yaliyoanguka yenyewe, kwa mzee, na samaki wake wako hai. Lakini msitu una pia utupa, ambao wavuvi huponda majani yake na kuyatia kijitoni ili samaki walegee na kuelea. Jani nisilolijua jina sitii katika maji ya mtu. Na mwanafunzi mwenzetu wa Uvira aliyetaka majani kwa samaki wa Tanganyika nilimkatalia biashara: maji ya ziwa lile yana chumvichumvi za madini na pH inayokaribia 9, na samaki wake wamezoea mawe. Chai hawaihitaji.

Kartoni za pili ziliondoka mwezi wa nane. Ndani niliweka karatasi ya maelezo, fupi: suuza, mwagia maji yanayochemka na uache yapoe, anza na jani moja kwa lita hamsini, tazama samaki wanavyopumua siku mbili kabla ya kuongeza. Niliandika pia "yamekauka", na tarehe. Safari hii mashua ilichukua wiki nne. Mteja hakutuma picha. Alituma ujumbe wa sauti, wa sekunde tano, usio na neno hata moja: mshipa wa jani unavunjwa karibu na simu.

Samaki kumi na mmoja bado sijawalipa. Nimemwomba mzee anitafutie bei yake, anasema anatafuta, nadhani anasahau makusudi. Jana usiku mvua ilinyesha hadi alfajiri. Nilifungua dumu la shule, la mwezi wa kumi, nikatoa majani sita, nikayavunja migongo moja baada ya nyingine. Matano yalilia. La sita lilipinda. Nimeyarudisha yote ya dumu hilo kwenye kamba, na dada yangu amehamia chumba cha shangazi.